Nailoni ya Monita

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kompyuta. Niliishia darasa la nane huko Kakuyuni, na kazi niliyoipenda shuleni ni kuchora ramani ya Afrika, kwa sababu mwalimu alituachia tupake kila nchi rangi tuitakayo, na hakuna mtu aliyewahi kutoka Kongo kuja kulalamika. Kuchora majiko na makabati kwa kompyuta nilijifundisha kwa kutazama video kwenye simu huku nikikaanga viazi karai kando ya njia. Huenda nilijifundisha vibaya. Wapo vijana wa chuo ambao wakiniona ninavyofanya hutazama pembeni, kwa adabu. Lakini picha hutoka, na mteja huliona kabati lake limesimama ukutani, lina mwanga na kivuli, hata kabla mbao hazijanunuliwa.

Aliyenitoa kwenye karai la mafuta ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Ana karakana ya useremala hapa Malindi, uani kwake. Aliona kwamba wateja wa siku hizi hawaagizi kitu wasichokiona, akaniwekea meza na kiti katika kona ya karakana, mbali kidogo na mashine ya randa. Kiti alikitengeneza mwenyewe. Mguu mmoja ni mfupi, jambo ambalo amelikana mpaka leo. Husema sakafu ndiyo mbaya. Nimekihamisha kiti kile kila pembe ya karakana kwa nia ya kumtendea haki, na kila pembe sakafu ni mbaya kwa mguu uleule.

Hata hivyo nilikipenda. Anayekaanga viazi husimama kutwa, na moshi humfuata kila anakogeukia. Kwenye kiti kile nilikuwa mtu aliyeketi. Watu wakipita waliniona nimeketi. Kwa hiyo mtu akiniuliza katika mambo haya nilikuwa napigania nini, sitamdanganya kwamba ni sanaa. Nilikuwa napigania kiti.

Kiti kiliingia hatarini kwa sababu ya bibi mmoja wa mtaa wa Shella, hapahapa Malindi. Ni mama wa mjini hasa, nyumba yake haiko mbali na ufuo, na ulimi wake uko karibu zaidi. Alitaka milango mipya, madirisha mapya, makabati ya ukumbini na ya jikoni, kazi kubwa kuliko zote ambazo karakana yetu imewahi kuulizwa. Sharti lake lilikuwa moja tu. Kila kitu kipakwe kijani cha madirisha ya nyumba aliyozaliwa, nyumba ambayo ndugu zake waliiuza na mnunuzi akaibomoa. Alituelezea kijani chenyewe kwa maneno. Alisema si cha mgomba, si cha msikiti, si cha kanzu ya yule jirani yake anayejiona. Mimi nikaitikia kila neno kama mtu aliyeelewa.

Nikachora. Nikapaka kijani kilichonipendeza, laini kama ganda la mbaazi mbichi, nikamtumia picha kwenye simu. Jibu lilikuja kwa sauti. Alitusalimia vizuri, akatuulizia afya zetu mmoja mmoja, kisha akauliza kama tunamjengea nyumba au zahanati.

Nilikimbilia laptopu yangu kutazama upya. Haikuwa zahanati hata kidogo. Nikaazima simu ya dada, na humo ikawa zahanati kweli, na nikakaribia kunusa dawa. Kwenye simu ya shemeji kijani kilekile kilikuwa cha mgomba. Ile laptopu tuliinunua kwa mtu, na upande mmoja wa kioo chake ulikuwa wa manjano kama palipomwagika chai. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba niliona pande zote mbili ni sawa.

Na rangi haikuwa shida peke yake. Kuchora ni sehemu rahisi. Ukishachora, kompyuta hukaa ikakokotoa mwanga wote wa chumba, unapoingia na unapogonga, mpaka mchoro ufanane na picha iliyopigwa. Sisi pale karakanani tunaita kupika. Laptopu yangu ilikuwa ikipika jiko moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na ilipata moto mpaka dada yangu akauliza kama haiwezekani kuteleka maharage juu yake, ili kazi isipotee bure.

Shemeji alikuja kwenye meza yangu, akafuta vumbi la mbao usoni, akasema mbele ya mafundi wake wote:

"Shemeji, bibi akikataa tena, hii kona naweka mashine ya msasa. Msasa hauombi chakula cha mchana."

Mafundi walicheka. Nami niwe mkweli, hoja yake ilikuwa na uzito. Chakula cha mchana nilikuwa nakula, na mara nyingine narudia.

Lakini shemeji si mtu mbaya, tena si mjinga. Aliona kwamba kosa moja linaweza kuwa langu na kosa jingine la chombo, na kwamba huwezi kumfukuza mtu kabla hujajua ni lipi. Akakubali kutoa fedha za kompyuta ya kazi na monita yake. Kiasi sitaandika, kwa kuwa dada yangu anajua kusoma.

Bibi naye, alipoambiwa kwamba tunakwenda kununua macho mapya, akakubali kutupa kitu ambacho hakuwa amekitaja. Katika nyumba ile iliyobomolewa aliokota kipande cha dirisha, urefu wa kiganja, na rangi bado iko juu yake. Alikitoa kimefungwa ndani ya leso. Kisiwekwe chini, alisema. Kisiingie mfuko wa suruali ya mwanamume. Kisipigwe jua bila sababu. Nilikibeba mpaka Kilifi, kwenye duka la kompyuta, mapajani mwangu kama mtoto wa mwenyewe.

Dukani tulipokelewa na kijana wa bara, mpole, shati limepigwa pasi mpaka likasimama peke yake. Nilimshuku tangu salamu. Hakuwa amenikosea, ila mimi humshuku kila anayeuza kitu nisichokijua, na kwa kuwa vitu nisivyovijua ni vingi, huwa nashinda nikishuku.

Shemeji hakutusubiri. Alikwenda moja kwa moja mbele ya televisheni pana kama kitanda cha sita kwa sita, akasimama hapo na mikono nyuma. Televisheni ilikuwa inaonyesha kasuku na tikitimaji lililopasuliwa. Nisiidhulumu, ilikuwa nzuri. Lile tikitimaji lilikuwa jekundu kuliko tikitimaji lolote nililowahi kula, na shemeji, ambaye amekula mengi, hakuliona kasoro.

"Hii," akasema. "Hapa hata bibi akikaa Shella ataona."

Yule kijana akatueleza kwa upole kwamba televisheni imetengenezwa ili imfurahishe mtu. Akatutajia ile balbu nyekundu ambayo wauza nyama huining'iniza juu ya nyama. Nyama chini yake hung'aa, ukifika nyumbani ukaifungua, ni nyama nyingine. Monita ya kazi, alisema, haitakiwi kufurahisha. Inatakiwa kusema rangi ilivyo, hata kama mwenye rangi atanuna. Shemeji akasema kama ni hivyo, basi nyumbani anayo tayari, amemuoa. Dada hakuwepo. Ninaandika hili kwa hatari yangu mwenyewe.

Nilimuuliza kijana angejuaje ni monita ipi isemayo kweli, maana zote zilikuwa zimewashwa na kila moja ilikuwa na kasuku wake. Akaomba kile kipande. Nilimpa kikiwa juu ya leso, nikamweleza masharti, naye akayashika yote bila kucheka. Ile sifa naiweka hapa, ni haki yake. Akatupeleka kwenye monita ambayo alisema ameipima rangi zake kwa kifaa, mbali na mlango, kwenye kivuli. Akafungua ukurasa mtupu, akaujaza kijani, kisha akawa anabadilisha nambari za ile rangi kidogo kidogo, kipande kikiwa pembeni ya kioo, mpaka kijani cha ndani na kijani cha nje vikawa kitu kimoja. Usingejua mbao inaishia wapi. Halafu akazichukua nambari zilezile akaziandika kwenye monita nyingine. Ya kwanza ikatoa zahanati. Ya pili ikatoa mgomba. Kwenye ile televisheni kijani kilipiga kelele. Ya mwisho, ambayo haikuwa kubwa wala ya maringo, ilitoa kijani cha bibi palepale, na hiyo ndiyo tuliyochagua.

Bado sikumwamini. Alipokwenda kumhudumia mtu mwingine, nilikichukua kipande nikakijaribu tena peke yangu, huku na huku, kulia na kushoto. Kilikuwa kilekile. Nikaona aibu kidogo, nikaandika nambari zile kwenye kiganja cha mkono wangu kwa kalamu ya wino.

Kwenye kompyuta yenyewe shemeji alipenda moja yenye ubavu wa kioo, ndani ina mataa yanayobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Kijana akasema mataa hayapiki kitu. Kinachopika, kwa programu tuliyo nayo sisi, ni kadi ya picha, kisha memori ya kutosha ili chumba chote kiingie ndani kwa mara moja. Weka pesa hapo, alisema, na kasha liwe lolote mradi lipitishe hewa na liwe na chujio, kwa sababu ya vumbi la mbao na chumvi ya huku kwenu. Akatushauri tuchukue na kisanduku cha betri, stima ikikatika picha isife katikati. Nikajiambia sasa ndipo anapotuuzia duka zima. Lakini shemeji, ambaye akishaanza kutumia hawezi kusimama, alipotaka ile kadi kubwa kuliko zote, kijana akakataa. Kwa makabati, alisema, hiyo ni kukodi lori la kumbeba kuku mmoja. Muuzaji anayekukataza kununua ni jambo zito kulielewa. Nililifikiria njia nzima nikirudi, na sikupata hila iliyojificha ndani yake.

Sasa nifike kwa dada yangu, nami nataka kumwandika kwa haki, maana katika mambo yote ndiye aliyekuwa na nia safi kuliko sisi sote. Nyumbani kwake vitu havivuliwi nailoni. Friji ina nailoni yake mlangoni tangu ilipoingia. Makochi yana nailoni, na ukikaa na mguu mtupu wakati wa joto huwa unaondoka kwa kubanduka. Rimoti ina nailoni na juu yake mpira. Kwa dada yangu kitu kilichovuliwa nailoni kimeshaanza kufa. Na haya si yake peke yake. Mama yetu Kakuyuni alikuwa na tochi ambayo aliiacha duniani ikiwa ndani ya nailoni.

Monita ilipotolewa kwenye boksi, kioo chake kilikuwa na nailoni ya kiwandani, nyembamba, imenata vizuri bila kipovu, na pembeni ina kiulimi chekundu cha kuvutia. Nilikiona kile kiulimi. Nilikipelekea mkono. Dada akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Unataka kufanya nini?"

Nikasema nadhani hutolewa. Akaniuliza kama nadhani au najua. Nikasema nadhani. Akauliza kama yule muuzaji hakusema kuna chumvi na vumbi. Nikasema alisema. Basi, akasema dada, na mkono wangu ukarudi. Sitamtupia lawama. Maneno yake yalikuwa na mantiki, na mimi ni mtu ambaye akiulizwa kama anajua, hujikuta hajui.

Baadaye akamwita mchungaji wake akaiombea kompyuta, na kwa kuwa jirani yetu Mwislamu alikuwa hapo kufuata stuli yake, naye akaombwa asome dua, ili pasiwe na upande utakaolaumiwa. Hatimaye akaleta kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye maua pembeni, akalifunika kasha la kompyuta mpaka chini. Nikawasha, nikaanza kupika jiko la bibi, na kabla halijafika nusu kompyuta ikazima. Ikawashwa, ikazima. Shemeji akatazama maua yaliyofumwa, akatazama matundu ya hewa yaliyokuwa chini yake, akakiinua kitambaa kwa vidole viwili na kukitundika kwenye msumari. Dada alinuna mpaka jioni. Lakini tangu hapo kompyuta ilipika jiko zima kabla chai haijapoa, na nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza bila kuonekana mshamba.

Raha haikudumu. Nilitazama kiganja changu, nikaziandika zile nambari, na kijani kilichotoka hakikuwa cha kipande. Kilikuwa chepesi, chenye ubuluu kwa mbali, kama kijani kilichotiwa maziwa. Niliweka kipande pembeni ya kioo. Hata mtu asiyeona vizuri angesema ni rangi mbili.

Nikafunga mlango, nikafungua dirisha, nikasogeza meza. Nikashuku kwamba jasho limefuta nambari moja kiganjani. Nikashuku macho yangu. Shemeji yeye alishamaliza kushuku. Kwake yule kijana alitubadilishia boksi, na safari ya Kilifi ilikuwa inaanza palepale, tena na nyundo. Nikamwomba anipe nafasi nipige simu kwanza, kwa sababu yule kijana alikuwa ameshika kipande cha bibi kwa leso, na mtu kama huyo anastahili kusikilizwa kabla ya nyundo.

Kijana akaniuliza kama nimetoa kila kitu cha ndani ya boksi. Nikasema kila kitu, na boksi liko juu ya kabati la dada, halitatupwa milele. Akasema tumrudishie monita aitazame. Hakuuliza habari za nailoni, nami sikuitaja. Sikumficha. Katika nyumba ile nailoni si kitu cha kutajwa, ni kama ngozi.

Tukakubaliana tuirudishe kesho yake. Lakini asubuhi ileile ya safari, monita ikiwa bado mezani, bibi akaingia karakanani bila kubisha. Alisema amechoka kutazama nyumba yake ndani ya simu, anataka kuitazama kwenye hicho chombo kilichonunuliwa kwa ajili yake.

"Shikamoo bibi," tukasema wote, hata mashine ya randa ilinyamaza.

"Marahaba wanangu. Nikae wapi?"

Pale karakanani kulikuwa na vitanda ambavyo havijapigwa msasa, na kulikuwa na kiti changu. Akakikalia. Kikayumba. Akashika meza, akamgeukia shemeji.

"Fundi, kiti chako kina mguu mfupi."

"Ni sakafu, bibi."

"Sakafu," akarudia, akiitazama. "Na madirisha yangu utayapima kwa sakafu hii?"

Shemeji akaanza kueleza kwamba monita ina hitilafu, kwamba tumedhulumiwa, kwamba rangi atakayoiona siyo. Alimwomba asubiri. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti changu mwenyewe, nikiwaza kwamba pengine ni mara ya mwisho kukiona kikiwa hapo, na kwamba karai langu bado lipo, dada hakulitupa, maana dada hatupi kitu. Bibi hakusikiliza. Alisema amekuja kwa miguu yake na ataangalia. Ikabidi nifungue picha.

Ukumbi wake ukajaa kwenye kioo. Madirisha, milango, makabati, jua la asubuhi likiingia kwa upande nilioukisia. Vyote katika kijani chepesi kile, chenye maziwa. Akatazama kwa muda. Sikuweza kumsoma usoni. Kisha akanyoosha kidole kugusa dirisha moja kwenye kioo, kucha yake ikanasa pembeni.

"Na hii nini?"

Kabla hatujasema kitu alikuwa ameshakishika kile kiulimi chekundu na kuvuta. Nailoni ilitoka polepole, kwa ule mlio wake, tangu kona mpaka kona, na dada yangu, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, alisema "Mulungu wangu" kama mtu aliyeona mtu anavuliwa nguo hadharani.

Chini yake kulikuwa na kijani cha kipande. Nilikichukua kipande kwenye leso, nikakiweka pembeni ya kioo, na mbao ikapotea ndani ya picha kama kule dukani. Kwa hiyo kijana hakutudhulumu. Nambari hazikufutika. Macho yangu yalikuwa mazima. Shemeji alikuwa ameshaanza kutabasamu, tabasamu la mtu anayehesabu milango.

Bibi akatazama kipande, akatazama kioo, akatazama tena.

"Ndicho," akasema. "Ndicho chenyewe hasa."

"Alhamdulillahi," akasema shemeji, ambaye ni wa kanisa.

"Kibaya," akasema bibi. "Rudisheni ile ya mwanzo."

Shemeji akasema kwa sauti ya chini kwamba ile ya kwanza ilikuwa makosa, ilikuwa nailoni, kwamba hii ndiyo rangi ya kweli, na kwamba tulikwenda mpaka Kilifi kuitafuta.

"Makosa yenu mimi nimeyapenda," akasema. "Hicho kipande kimekaa juani, kimekula moshi na chumvi, kimezeeka kama mimi. Sitaki nyumba iliyozeeka kama mimi, mmoja wetu anatosha. Madirisha yetu nilipokuwa mtoto yalikuwa kama yale ya mwanzo."

Nikamuuliza, kwa sababu siwezi kujizuia, kama ana hakika.

"Sina," akasema. "Lakini aliyebaki wa kubishana nami ni nani?"

Kurudisha nailoni iliyokwisha kubanduliwa si kazi ndogo. Mimi nilijaribu ikajikunja. Shemeji alijaribu ikashika vumbi la mbao. Dada akaweka sinia chini, akatusogeza kwa kiwiko, akailaza kutoka juu kwenda chini huku akiisukuma kwa leso yake, taratibu, akivifukuza vipovu pembeni. Alipomaliza alinitazama mara moja tu, na katika ule mtazamo friji, makochi, rimoti na tochi ya mama vyote vilikuwa vimeshinda kesi.

Bibi akakitazama tena kile kijani cha maziwa, akakubali kazi yote. Alipoinuka aliweka mkono begani kwangu, si kwa mapenzi, kiti kilikuwa kimeyumba.

"Huyu," akamwambia shemeji, "ndiye atakayenichorea mpaka mwisho. Asibadilishwe. Yeye ameniuliza kama nina hakika, wewe uliniambia niliyoyaona siyo."

Nadhani alimwonea shemeji kidogo. Shemeji alikuwa anasema kweli. Lakini sikumtetea siku ile, na hilo nalo liandikwe.

Ikabaki shida ya kazi. Fundi wa rangi angechanganya vipi kijani ambacho kinapatikana tu chini ya nailoni? Nikampigia kijana wa Kilifi, nikamweleza yote tangu mwanzo, na kumwomba radhi kwa nyundo ambayo hakujua kwamba alikuwa karibu kupigwa nayo. Akasema tukunje nailoni nusu. Upande wenye nailoni uwekwe picha ya bibi, upande mtupu niweke kijani nikibadilishe nambari mpaka pande zote mbili zifanane, na nambari hizo ndizo za duka la rangi. Kitu chepesi hivyo. Sikukifikiria mimi, alikifikiria yeye. Akaniuliza pia kama anaweza kuwasimulia wateja wengine. Nikasema asimulie, ila dada asitajwe.

Basi monita yetu ikakaa nusu imevaa, nusu imevuliwa, mpaka nambari zikapatikana, rangi ikachanganywa, na shemeji akajaribu kwenye kipande cha mbao akakileta mezani. Kilifanana na upande wenye nailoni. Madirisha ya Shella yamepakwa rangi hiyo. Yanapendeza, sitasema hayapendezi. Majirani wa bibi wanasema ni kijani cha zamani hasa, cha wazee, hakipatikani tena siku hizi. Yeye huitikia.

Nailoni ilipomaliza kazi ilikuwa imejaa mikunjo na vumbi, na hata dada alikubali kwamba imekwisha. Aliitoa mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aiguse. Rangi zangu sasa ni za kweli, nadhani. Kitambaa cha maua kimepewa ubao wa nyuma ya meza, mbali na matundu.

Siku chache baadaye nilikuja asubuhi nikakaa, na kiti hakikuyumba. Nikainama kutazama. Chini ya ule mguu kulikuwa na nailoni, imekunjwa ikakunjwa tena mpaka ikawa kigae kigumu, na kile kiulimi chekundu kimechomoza pembeni. Shemeji alikuwa anapiga randa, mgongo amenigeuzia. Nikamshukuru kwa kunitengenezea kiti.

"Kiti kina nini?" akasema bila kugeuka. "Nimetengeneza sakafu."